Kusimamia maombi ya vifaa na oda za karakana katika uzalishaji wa mradi: mwongozo kamili kwa watumiaji wa ERPNext

Karakana inayotengeneza matrela kwa oda ya mteja haifanani na kiwanda cha sabuni. Kiwanda cha sabuni hutengeneza bidhaa ile ile kila siku, huijaza ghalani na kumsubiri mnunuzi, kwa hiyo hakuna haja ya kujua mapema kipande kipi kitanunuliwa na nani. Karakana ya matrela huanza na mteja, ikafuata michoro, ndipo chuma kikakatwa. Na kila boriti, kila ekseli na kila chemba ya breki inayoingia getini imekwisha kuwa na mwenyewe kabla haijashushwa kwenye lori. Programu ya uzalishaji isipoelezwa mwenyewe huyo ni nani, itazihesabu ekseli zote kuwa mali ya stoo, na atakayewahi ndiye atakayezichukua.

Nimelishuhudia jambo hilo kwa macho yangu. Karakana niliyokuwa nikifanya kazi ya kupanga uzalishaji ilikuwa na miradi miwili iliyokwenda sambamba. Ekseli tisa za mradi wa kwanza zilifika Jumatatu, na kufikia Jumatano asubuhi mbili kati yake zilikuwa zimefungwa chini ya trela la mteja mwingine, kwa sababu fomeni wa mradi wa pili alikwenda dirishani na karatasi iliyosainiwa kihalali kabisa. Mtunza stoo alitazama skrini, akaona zipo tisa, akatoa mbili. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyedanganya. Hata hivyo trela la tatu la mteja wa kwanza lilisimama juu ya magogo kwa wiki saba likingoja ekseli nyingine ziagizwe, na maelezo yote tuliyompa mteja hayakumfaa kitu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzuia hali hiyo kwa kutumia ERPNext, programu huria ambayo kampuni ya Frappe ilianza kuiunda Mumbai, India, mwaka 2008, na ambayo hutolewa kwa leseni ya GPL toleo la 3, yaani unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe bila kulipia leseni. Nimeichagua kwa sababu karakana ya watu ishirini inaweza kuimudu, ingawa mantiki nitakayoieleza ni ile ile katika programu nyingine yoyote yenye miradi, maombi ya vifaa na oda za karakana. Mfano utakaotuongoza ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mteja mmoja ameagiza matrela matatu ya kubebea kontena, kila moja lenye ekseli tatu.

Maneno matatu ya kukubaliana

Ombi la vifaa ni hati inayosema kwamba kitu fulani kinahitajika, kwa kiasi fulani, kabla ya tarehe fulani. Halinunui chochote wala halitoi chochote stoo, linauliza tu. Oda ya karakana ni hati inayoamuru kitu kitengenezwe, nayo hubeba orodha ya vifaa vitakavyoliwa, hatua za kazi, na stoo ambazo vifaa vitapitia. Mradi ni kapu la kazi ya mteja mmoja, lenye namba yake, na ndilo linalopaswa kuonekana katika kila hati nyingine.

Hati za ERPNext zikishawasilishwa hazihaririwi. Ukikosea, unaibatilisha hati na kutoa nakala iliyorekebishwa, ambayo huchukua namba ile ile yenye nyongeza ya 1 mwishoni. Tena, huwezi kubatilisha ombi ambalo tayari limezaa oda ya manunuzi mpaka ubatilishe kwanza oda hiyo. Wageni wa programu huliona jambo hili kuwa usumbufu, lakini mimi nalithamini, kwa maana ndilo linalokuwezesha, miezi sita baadaye, kuonyesha ni nani aliomba nini na siku gani.

Hatua ya kwanza: fungua mradi na stoo yake

Fungua mradi kwa jina linalotambulika, uuhusishe na oda ya mauzo ya mteja, kisha ugawanye kazi zake kuu: michoro, ukataji, uchomeleaji wa fremu, uunganishaji, rangi, ukaguzi. Hapo karakana nyingi huishia, zikiamini kwamba kwa kuwa kila ombi lina sehemu ya kuandikia mradi, vifaa vitakuwa vimefungamanishwa. Havijafungamanishwa.

Ili kuelewa sababu, tazama namna ERPNext inavyokokotoa kiasi kinachotarajiwa cha kifaa. Huchukua kilichopo, ikaongeza kinachotengenezwa, kilichoombwa na kilichoagizwa, kisha ikatoa kilichotengwa kwa oda za mauzo, kwa uzalishaji na kwa mafundi wa nje. Hesabu hiyo hufanywa kwa kila kifaa katika kila stoo, na mradi hautajwi popote ndani yake. Kwa programu, ekseli tisa zilizoko Stoo Kuu ni ekseli tisa, hata kama ziliagizwa kwa jina la mradi mmoja. Hata oda ya karakana inapowasilishwa na programu ikaandika kwamba vifaa vimetengwa kwa uzalishaji, hiyo kwa mipangilio ya kawaida ni namba ya kupangia tu, si kufuli.

Dawa yake ni kuupa kila mradi stoo yake ndani ya mti wa stoo. Tengeneza kundi liitwalo Stoo za Miradi, na chini yake fungua stoo yenye namba ya mradi. Kumbuka kwamba hati za stoo hukubali majani ya mti peke yake, yaani stoo zisizo na stoo nyingine chini yake, si kundi. Stoo hii si lazima iwe chumba kingine. Kwetu ilikuwa ni rafu iliyozungushiwa mkanda wa rangi, na kwa vitu vizito kama ekseli ni namba ya mradi iliyoandikwa kwa chaki ya mafuta juu ya chuma chenyewe. Kinachohitajika ni kwamba mahali palipoandikwa kwenye programu na mahali palipo kwa macho pawe pamoja.

Fungua pia stoo moja ya sakafuni, yaani mahali ambapo vifaa huhesabiwa baada ya kutoka dirishani na kabla ya kumezwa na bidhaa. Moja yatosha kwa karakana nzima, kwa kuwa oda ya karakana yenyewe ndiyo itakayotambulisha kilichomo.

Hatua ya pili: safisha taarifa za vifaa

Hatua hii nitaipitia haraka, isipokuwa mambo mawili.

La kwanza ni kipimo. Bati la futi 4 kwa 8 lenye unene wa milimita 4 lina uzito wa karibu kilo 93. Muuzaji huuza kwa bati, mchoraji huhesabu kwa kilo, na fundi huomba kwa vipande. Ukiacha kifaa kiwe na kipimo kimoja kisichoelezwa, siku moja ataandika mtu 5 akimaanisha mabati matano, programu itasoma kilo tano, na mashine ya kukatia itakaa kimya asubuhi nzima. Weka kilo kuwa kipimo cha stoo, kisha katika jedwali la vipimo la kifaa hicho andika kwamba bati moja ni kilo 93. Kuanzia hapo kila mtu anaweza kuomba kwa kipimo alichozoea, programu ikageuza.

La pili ni aina ya ombi la kawaida na siku za kungoja. Kila kifaa kina mahali pa kueleza kama kwa kawaida kinanunuliwa, kinahamishwa, au kinatengenezwa. Ekseli, matairi, chemba za breki na kingpini (pini ya chuma inayounganisha trela na kichwa cha lori) ni vya kununua. Fremu, mabano ya springi na sahani ya kingpini ni vya kutengeneza. Siku za kungoja ziandike kama zilivyo kwa uzoefu wa mizigo yako iliyopita, ukianza kuhesabu siku oda ilipotumwa hadi siku mzigo ulipopokelewa stoo, si siku ulipofika bandarini.

Vitu vidogo vinavyoliwa kila siku, kama vijiti vya kuchomelea, mawe ya kukatia na gesi, visiingizwe katika mfumo wa miradi hata kidogo. Viwekee kiwango cha chini katika Stoo Kuu na uruhusu programu itoe ombi yenyewe kiwango hicho kinapofikiwa. Kumlazimisha fomeni aandike namba ya mradi kwa kila pakiti ya vijiti ni kumfundisha kuandika namba yoyote ile ilimradi apewe.

Hatua ya tatu: orodha ya vifaa ifuate namna kazi inavyogawanyika

Orodha ya vifaa vya trela isiwe ndefu ya ngazi moja. Igawanye kwa jinsi karakana inavyofanya kazi kweli: trela lililokamilika linahitaji fremu moja, ekseli tatu, chemba za breki sita, matairi kumi na mawili, miguu ya kusimamia, na vifungio vya kontena kumi na viwili, fremu nayo ina orodha yake ya boriti, mabano na sahani, na sahani ya kingpini ina orodha yake pia. Kila kitu ambacho hutengenezwa, kikakaguliwa na kuwekwa kando kabla ya kutumika, kinastahili orodha yake na oda yake. Kitu ambacho huchomelewa papo hapo juu ya fremu na hakiwekwi kando kamwe, hakistahili.

Katika oda ya karakana kuna kisanduku kinachouliza kama utumie orodha ya ngazi nyingi. Kikiwa na alama, programu huvunja kila kitu mpaka malighafi na kuyaweka yote kwenye oda moja. Kikiwa hakina alama, fremu itahesabiwa kama kifaa kinachopaswa kuwa tayari, chenye oda yake yenyewe. Kwa kazi ya mradi ondoa alama. Oda moja yenye mistari mia mbili haimwambii mtu yeyote kazi imefika wapi.

Orodha iliyowasilishwa haibadilishwi; mchoro ukibadilika unatoa orodha mpya. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Hatua ya nne: toa maombi, na uanze na yanayochukua muda mrefu

Maombi huweza kutolewa kwa njia mbili. Unaweza kufungua ombi la vifaa na kuvuta mistari moja kwa moja kutoka kwenye orodha, ukitaja orodha ipi, kiasi gani na stoo ipi. Au unaweza kutumia mpango wa uzalishaji, ambao huchukua oda ya mauzo au maombi ya kutengeneza, hukokotoa mahitaji ya ngazi zote, hulinganisha na kilichopo katika stoo uliyoitaja, kisha hutoa oda za karakana kwa vya kutengeneza na maombi kwa vya kununua. Kwa matrela matatu njia ya pili inaokoa muda, mradi stoo unayoitaja iwe ile ya mradi. Ukitaja Stoo Kuu, programu itaona vifaa vya watu wengine na kukuambia kwamba huhitaji kununua.

Hata hivyo usisubiri michoro yote ikamilike. Siku mkataba unaposainiwa tayari unajua kwamba matrela matatu yatahitaji ekseli tisa, chemba kumi na nane, kingpini tatu na vifungio thelathini na sita. Mabano ya springi bado hujui yatakuwa na umbo gani, lakini ekseli unazijua. Toa ombi la vitu hivyo siku hiyo hiyo kwa mkono, wewe mwenyewe, ukiandika namba ya mradi katika kila mstari. Mpango wa uzalishaji utakapokuja kukokotoa baadaye, utakuta katika stoo ya mradi kiasi kilichokwisha kuombwa na hautakiomba tena, alimradi hujauamuru upuuze kiasi kinachotarajiwa.

Tarehe ya kuhitajika ndiyo roho ya ombi. Iandike kwa kila mstari, si kwa hati nzima. Nimeona maombi yenye mistari arobaini, yote yakiwa na tarehe ya leo, na ofisa manunuzi akaanza na vitu rahisi kupatikana, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Tarehe sahihi ni siku hatua inayokitumia kifaa itakapoanza. Kama uunganishaji wa trela la kwanza unaanza tarehe 1 Septemba, muuzaji wa ekseli huchukua siku 60, na unataka siku 7 za kukagua na kurekebisha makosa, basi oda ya manunuzi inapaswa iwe imetoka kufikia tarehe 26 Juni. Matairi ya oda hiyo hiyo, kama yanapatikana mjini kwa siku tano, yasinunuliwe Juni. Yatazeeka stoo na kula fedha ambazo zingelipia ekseli.

Ombi likishawasilishwa, hali yake hubadilika yenyewe kadiri kazi inavyosogea: linangoja, limeagizwa kwa sehemu, limeagizwa, limepokelewa kwa sehemu, limepokelewa. Jiwekee ukurasa unaochuja maombi ya mradi wako ambayo bado yanangoja huku tarehe ya kuhitajika, ukiondoa siku za kungoja, ikiwa imepita. Ukurasa huo ufunguliwe kila Jumatatu asubuhi kabla ya kikao cha mafomeni. Kwangu mimi huu ndio ukurasa wenye faida kuliko yote katika programu nzima.

Hatua ya tano: manunuzi na kupokea

Ofisa manunuzi anaweza kukusanya mistari kutoka maombi mengi katika oda moja ya manunuzi, na afanye hivyo, maana muuzaji wa chuma hutoa bei nzuri kwa tani kuliko kwa kilo. Kila mstari utabeba namba ya ombi lake na mradi wake. Asijumlishe mistari miwili ya miradi tofauti kuwa mmoja ili karatasi ionekane fupi. Akifanya hivyo uzi umekatika na hautaungwa tena.

Mzigo upokelewe moja kwa moja katika stoo ya mradi. Mtunza stoo huhesabu, hulinganisha na hati ya muuzaji, huandika namba ya mradi kwenye kifaa, ndipo huwasilisha hati ya kupokea. Mfuatano huo una sababu: hati ikiwasilishwa kwanza, mafundi wataona kwenye simu zao kwamba mzigo upo na watakuja dirishani kabla haujakaguliwa.

Hatua ya sita: fungua oda za karakana

Swali la kwanza ni oda ngapi. Kwa matrela matatu unaweza kufungua oda moja ya fremu tatu au oda tatu za fremu moja moja. Ushauri wangu unategemea hatua. Vipande vinavyokatwa kutoka bati moja viwe oda moja ya matrela yote matatu, kwa sababu mkataji akipanga vipande vyote pamoja juu ya bati, mabaki hupungua sana. Uunganishaji wa mwisho uwe oda moja kwa kila trela, kwa sababu kila trela lina namba yake ya chesisi, litakaguliwa peke yake, na huenda likatoka getini wiki tofauti na wenzake. Fremu zinaweza kwenda vyovyote; mimi huzitenga, maana jigi ya kuchomelea, yaani kiunzi kinachoshikilia vipande vikichomelewa, hubeba fremu moja kwa wakati.

Katika kila oda jaza mambo haya bila kuacha: mradi, orodha ya vifaa, kiasi, stoo ya kutolea ambayo ni ya mradi, stoo ya sakafuni, na stoo ya kupokelea ambayo nayo ni ya mradi. Tarehe ya kuanza iwe ya kweli.

Kisha kuna mpangilio mmoja wa jumla ambao lazima uamuliwe kabla ya oda ya kwanza. Katika mipangilio ya uzalishaji, programu inauliza matumizi ya malighafi yakokotolewe kwa kufuata orodha ya vifaa au kwa kufuata kile kilichohamishwa kwenda sakafuni. Kiwanda cha bidhaa za kujirudia kinaweza kufuata orodha, kwa kuwa orodha yake imepimwa mara elfu. Karakana ya mradi ifuate kilichohamishwa. Trela la kwanza la umbo jipya halijawahi kutumia kiasi kamili kilichoandikwa na mchoraji, na tofauti hiyo ndiyo unayotaka kuiona kabla ya kumpa bei mteja anayefuata.

Usiiruhusu oda kuanza wakati vifaa vyake havijakamilika. Najua shinikizo lililopo: mafundi wamekaa, mteja anapiga simu, na fremu inaweza kuanza na boriti zilizopo. Ukianza, fremu itakwama katikati, itakalia jigi, na fundi atakwenda kutafuta mabano yaliyokosekana katika rafu ya mradi mwingine. Kabla ya kuitoa oda, angalia katika jedwali la vifaa vyake kiasi kilichopo katika stoo ya kutolea. Mstari hata mmoja ukiwa pungufu, oda ibaki bila kuanzishwa, isipokuwa kama kilichokosekana kinahitajika katika hatua ya mwisho na tarehe yake ya kufika ni ya uhakika. Uamuzi huo aufanye mpangaji mmoja, na auandike kwenye maoni ya oda.

Hatua ya saba: kutoa vifaa na kuendesha kadi za kazi

Oda ikianzishwa, hati ya kuhamisha vifaa hutengenezwa kutoka kwenye oda yenyewe, nayo hutoa vitu stoo ya mradi na kuvipeleka sakafuni. Kwa kila hatua ya kazi kuna kadi, na fundi huanza, husimamisha na humaliza kadi yake, akiandika muda na idadi. Tabuleti moja kwa kila eneo la kazi inatosha, na fundi mkuu wa eneo ndiye anayeigusa.

Vurugu hutokea kwenye nyongeza. Fomeni anakuja dirishani saa nane mchana, glavu moja mkononi na nyingine kwapani, anataka mita mbili za boriti kwa sababu kipande kimoja kimekatwa vibaya.

"Dada, nipe tu, nitakuletea namba jioni."

"Mzee, nitakupa sasa hivi, lakini niambie oda ipi, fremu ya kwanza au ya pili?"

Jibu la mtunza stoo huyo ndilo sahihi, kwani hakumzuia, aliuliza swali moja tu. Kifaa cha nyongeza hutolewa kwa hati ya kuhamisha iliyofungwa kwenye oda husika, ikiwa na sababu katika maelezo: kipande kimekatwa vibaya, mchoro umekosea, kifaa kimeharibika. Ukikataa kutoa mpaka ombi lipitie saini tatu, mafundi watajenga stoo zao za siri chini ya meza, na hapo programu itakuwa inahesabu karakana isiyokuwapo. Ikiwa kifaa hicho hakipo katika stoo ya mradi, ndipo linatolewa ombi jipya: la kuhamisha kama kipo Stoo Kuu, la kununua kama hakipo kabisa. Kukitoa katika stoo ya mradi mwingine kunawezekana pia, lakini kwa ombi la kuhamisha linaloidhinishwa na msimamizi wa mradi unaotoa, huku ombi la kununua la kufidia likitolewa saa ile ile. Laiti tungekuwa na utaratibu huo siku ile ya ekseli mbili.

Mchoro unapobadilika katikati ya kazi

Mteja anapoomba nafasi ya kingpini isogezwe, mhandisi hutoa orodha mpya ya vifaa, na kuna chombo ndani ya ERPNext kinachobadilisha orodha ya zamani kwa mpya katika orodha zote za juu zinazoitumia. Wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha. Oda za karakana zilizokwisha kutolewa, lakini, zilinakili vifaa vyake siku zilipotengenezwa na hazitajua kwamba kuna orodha mpya. Maombi yaliyowasilishwa nayo yanaendelea kuomba vitu vya zamani.

Kwa hiyo mabadiliko ya mchoro yafuatwe na ukaguzi wa hati nne kwa mfuatano huu. Anza na oda za manunuzi ambazo muuzaji hajatuma, kwa sababu hapo bado unaweza kuokoa fedha. Fuata maombi yanayongoja, uyasimamishe au uyabatilishe. Kisha oda za karakana ambazo hazijaanza: zibatilishe na utoe mpya kwa orodha mpya. Mwisho ni oda zilizokwisha kuanza, ambazo hazina njia ya mkato. Kaa na fomeni mbele ya fremu yenyewe, mwamue kipi kinabaki na kipi kinakatwa, kisha uongeze au urudishe vifaa kwa hati za stoo zilizofungwa kwenye oda. Wakati wa mabadiliko hayo nyaraka zote za zamani zilizochapishwa na kubandikwa ukutani ziondolewe siku hiyo hiyo. Nimeona fremu ikichomelewa kwa usahihi mkubwa kufuata mchoro uliofutwa wiki mbili kabla.

Hatua ya nane: kufunga oda na kusoma gharama

Kazi ikikamilika, hati ya kutengeneza humeza vifaa vya sakafuni na kuingiza fremu katika stoo ya mradi ikiwa na thamani yake. Kabla ya kuiwasilisha, mabaki yanayofaa kutumika yarudishwe kutoka sakafuni kwenda stoo, kwa sababu umechagua matumizi yafuate kilichohamishwa, na usiporudisha kipande cha boriti cha mita tatu programu itaamini kimo ndani ya fremu. Oda iliyotengeneza pungufu na haitaendelea isiachwe wazi. Ifungwe, ili vifaa ilivyovitenga viachiwe.

Ukurasa wa mradi huonyesha gharama za manunuzi kupitia ankara za wauzaji, na kando yake gharama za vifaa vilivyotumika kupitia hati za stoo. Faida inayokokotolewa hapo hutoa zote mbili. Ikiwa ekseli ile ile imeandikwa mradi kwenye ankara na pia ikatumika katika oda ya mradi huo, gharama yake imehesabiwa mara mbili, na mradi wenye faida utaonekana wa hasara. Utaratibu tuliouchagua ni kuacha namba ya mradi katika maombi, oda za manunuzi na hati za stoo, lakini kwenye ankara kuiondoa katika mistari ya vifaa vinavyopitia stoo na kuibakiza kwa huduma tu, kama usafiri, winchi na ukaguzi. Mhasibu aelezwe hili kabla ya ankara ya kwanza, si baada ya ripoti ya kwanza.

Trela la tatu likitoka getini, fungua salio la stoo ya mradi. Kila kilichobaki humo, hata kama ni chemba moja ya breki na vifungio viwili, kihamishiwe Stoo Kuu kwa hati, namba ya chaki ifutwe juu ya chuma, na maombi yote ya mradi yaliyo wazi yasimamishwe ili yasije yakaleta mzigo baada ya mteja kuondoka. Salio likisomeka sifuri, mradi unaweza kufungwa, na rafu yenye mkanda wa rangi ikapewa namba ya mradi unaofuata.